Hati za Hazina Zilizoandikwa Jina Langu

Mtu aliyenipigia simu alijua pesa ambayo hata mama mzazi sijamwambia.

Aliijua mpaka elfu ya mwisho.

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, jua linawaka, wateja wawili wako dukani wanachagua sketi za shule. Sio usiku, sio ndoto. Napokea simu, sauti nzito ya kiume inaniuliza kwa utaratibu kabisa:

"Naongea na Atoo? Mjane wa marehemu Oola, wa Nsambya?"

"Ndiyo."

"Napiga kutoka ofisi ya kodi. Mwaka uliopita wa kodi ulipata shilingi milioni tano, laki moja na elfu sitini kutoka hati za hazina za serikali. Kwenye ritani yako, ile taarifa ya mapato ya mwaka, hukuandika hata shilingi moja. Unajua hiyo kesi mwisho wake ni wapi?"

Nikasogea pembeni, naye akaendelea.

"Luzira, mama. Na sisemi Luzira ya kwenda kula samaki. Nasema gereza, ile ya ukuta mrefu."

Simu ikakatika. Nikabaki nimeshika sketi ya mtoto wa watu, naikunja, naikunjua, naikunja tena. Mteja akaniuliza, "Mama, ni ngapi mwisho?" Sikukumbuka bei. Duka langu mwenyewe.

Wacha niwaeleze hiyo pesa ilivyonifikia, maana haikuwa yangu.

Mimi ni Mwacholi, lakini Kiswahili nimekinywa na maziwa. Baba askari, mume askari. Mume wangu alipofariki nilihama kambi ya polisi, nikapanga chumba hapo hapo Nsambya, Kampala, nikafungua kiduka cha kushona sare za shule. Kiduka kidogo, lakini kina leseni na namba ya kodi.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Benedicte, mama wa Kikongo kutoka upande wa Bukavu. Anauza vitenge. Mwanamke wa kucheka kwa sauti mpaka unasahau ulikuwa umekasirikia nini. Hana mtoto wala mume. Siku Oola wangu alipozikwa, yeye ndiye aliyelala na mimi chumbani wiki mbili nzima, ananilazimisha kula kama mtoto.

Sasa Benedicte alikuwa na shida moja. Pesa alikuwa nayo, lakini makaratasi yake ya ukimbizi yalikosewa jina. Huku wameandika hivi, kule vile. Kila akienda benki anaambiwa rudi wiki ijayo. Pesa anaficha ndani ya mto wa kulalia. Siku moja akarudi akakuta mlango umevunjwa. Walichukua redio tu, mto hawakuugusa. Usiku ule hakulala.

Mwezi wa nne mwaka juzi akaja kwangu na mfuko wa plastiki mweusi.

"Atoo, nimesikia mutu anaweza kopesha serikali makuta kwa mwaka moja, halafu serikali inarudisha na kitu juu. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli, ukikopesha serikali pesa, karatasi zake zinaitwa hati za hazina. Unanunua kwa bei ya chini, mwaka ukiisha unalipwa bei kamili. Ile tofauti ndiyo faida yako.

"Basi nunua kwa jina yako."

"Benedicte, hiyo ni pesa nyingi. Tuandikishane."

Akanicheka. "Karatasi ya nini? Karatasi ndio imenisumbua miaka yote hii."

Ndani ya mfuko kulikuwa na milioni ishirini na sita.

Nikaenda benki, nikafunguliwa akaunti ya hati. Tukanunua hati ya milioni thelathini kwa shilingi milioni ishirini na tano, laki nane na elfu arobaini. Ya mwaka mmoja. Yote kwa jina langu. Hapakuwa na shahidi isipokuwa mimi na yeye.

Mwezi wa kwanza mwaka jana, vita kwao vikapamba moto. Benedicte akasema hawezi kukaa huku mama yake mzee yuko peke yake.

"Niko naenda leta mama. Wiki mbili niko hapa. Hati ikiiva mbele ya mimi kurudi, weka tu."

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Simu yake ikawa inaita, baadaye haiiti tena.

Mwezi wa nne hati ikaiva. Pesa ikaingia kwenye akaunti yangu, kodi ya asilimia ishirini ya faida imeshakatwa huko huko. Nikaiangalia kwenye simu nikafurahi kwa niaba yake. Nikasema akirudi nitamchinjia kuku.

Hakurudi.

Hapa nitasema ukweli, maana nikificha hadithi hii haina kazi. Mwezi wa nane nilitoa laki sita nikalipa ada ya binti yangu. Nikajiambia nakopa. Mwezi wa kumi nikajikuta nimesimama dukani kwa watu naulizia bei ya mashine kubwa ya kushonea, ya umeme. Nikajiambia nauliza tu.

Unaona pesa inavyomtembeza mtu? Polepole, hata husikii hatua.

Ikafika Desemba, mwisho wa kupeleka ritani za kodi. Mambo ya mtandao mimi siyawezi, kwa hiyo nikaenda kwa Kidega. Kidega ni kijana wetu wa Kitgum, ana kibanda chake Nakawa karibu na soko. Anajazia watu ritani, anapiga chapa, anatoa kopi. Ananiita dada. Nilimwamini kwa sababu tunaongea lugha moja na alimjua marehemu.

Nikampa daftari la duka, taarifa ya benki, na ile karatasi ya benki ya ununuzi wa hati. Pembeni ya karatasi hiyo nilikuwa nimepiga hesabu ya faida kwa penseli. Nikampa na paswedi yangu ya kodi, kwa sababu aliniomba.

Kidega akaishika ile karatasi, akaiangalia muda mrefu.

"Dada, kumbe wewe ni mtu mkubwa?"

"Ni mambo tu. Hiyo inaandikwa wapi?"

"Kuna sehemu ya mapato yaliyokatwa kodi tayari. Lakini hii acha. Kodi ilishakatwa, kwa nini ujitafutie maneno? Ukiandika wataanza kuuliza, mshona sare kapata wapi milioni ishirini na tano?"

Na mimi nikakubali haraka sana. Sikukubali kwa sababu ya kodi. Nilikubali kwa sababu kuandika kungenilazimisha kusema ni pesa ya nani.

Basi ritani ikaenda bila ule mstari. Wiki tatu baadaye, ndiyo hiyo simu.

Jumanne hiyo hiyo nikafunga duka, nikakimbia Nakawa kwa Kidega. Alinikalisha kwenye kiti chake, akaninunulia soda. Nilipomaliza kumweleza, akashika kichwa.

"Banange! Dada, hii ni mbaya. Wamekuonaje? Lakini tulia. Kuna mtu ndani namjua. Akipewa milioni tatu, faili linapotea."

"Milioni tatu?"

"Si unazo?" Akanitazama usoni. "Dada, mimi nakuhurumia wewe tu. Una mtoto."

Jumatano simu ikaita tena. Sauti ile ile.

"Atoo, duka lako lina pazia la kijani. Tumeshaliona. Tukija Ijumaa tunakuja na gari."

Siku hizo mbili sikula. Kila nikisikia gari linapunguza mwendo barabarani, nachungulia kwenye pazia. Nilishona kola ya shati mgongoni. Gari la polisi lilipita, na mimi niliyekulia kambini, niliyezoea kuwapikia chai, nikajificha nyuma ya cherehani. Binti yangu alirudi kutoka shule akaniuliza kwa nini nimepanga nguo zake zote kwenye sanduku. Nikamwambia nasafisha kabati. Ukweli ni kwamba nilikuwa natayarisha siku ya kukamatwa, ili awe tayari kwenda kwa bibi yake Kitgum.

Alhamisi nikaenda benki kutoa milioni tatu.

Nikajaza fomu. Nikaandika jina langu, nikaandika kiasi. Dada wa dirishani akauliza tu kama kawaida yao, "Hizi ni pesa zako mwenyewe, mama?"

Hilo swali dogo.

Nikaivuta fomu kwangu. Nikasimama pale, watu nyuma yangu wanaguna. Nikamwona Benedicte na ule mfuko mweusi. Nikajiona mimi nagawa pesa yake kwa mtu nisiyemjua, ili nifiche kwamba ipo. Akirudi nimwambie nini? Kwamba niliogopa?

"Mama?"

"Hapana," nikasema. "Sio zangu."

Nikachana fomu, nikatoka nje.

Nikapanda boda mpaka jengo kubwa la kodi, Nakawa. Nilikuwa nimeamua kwamba kama ni kukamatwa, bora wanikamate nikiwa nimekuja kwa miguu yangu. Nilikuwa na sweta ndani ya mkoba, maana nilisikia mahabusu kuna baridi.

Nikapokelewa na afisa mmoja, mama wa makamo aliyejitanda ushungi, jina lake Rukiah. Nikamwambia yote bila kupumua. Hati, Benedicte, ritani, simu, ukuta mrefu wa Luzira.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kompyuta yake.

"Nani amekupigia?"

"Nyinyi."

"Sisi?" Akatazama tena. "Mama, hapa kwenye faili lako hakuna kesi. Hakuna barua, hakuna onyo, hakuna kitu. Hakuna mtu aliyefungua jina lako kwa ajili ya ukaguzi."

Nikainamia meza yake.

"Lakini alijua! Alitaja milioni tano, laki moja na elfu sitini!"

Rukiah akakunja uso. "Alitaja ngapi?"

Nikarudia.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione. "Faida yako ni milioni nne, laki moja na elfu sitini. Kodi iliyokatwa ni laki nane, thelathini na mbili elfu. Hiyo milioni tano ameitoa wapi?"

Nikaomba karatasi nipige hesabu upya. Thelathini kutoa ishirini na tano na laki nane na arobaini elfu. Nikapiga mara mbili.

Milioni nne.

Ndipo nikaacha kuandika. Unajua kwa nini? Kwa sababu ile milioni tano ilikuwa kosa langu. Nilipopiga hesabu kwa penseli nilitoa ishirini na tano kwenye thelathini, nikapata tano, kisha nikatoa laki nane na arobaini elfu kwenye milioni moja ya kuazima, nikapata laki moja na elfu sitini, nikasahau kuipunguza ile milioni niliyoazima. Serikali haikuwa na hiyo namba. Benki haikuwa nayo. Ilikuwa mahali pamoja tu duniani, pembeni ya karatasi yangu, kwa mwandiko wangu.

Na karatasi hiyo ilishikwa na mtu mmoja tu.

"Kidega," nikasema.

Rukiah hakushtuka. Alinisaidia kwanza kubadilisha paswedi, pale pale. Kisha akaniambia nenda polisi, na usiende kwake peke yako.

Nikampigia shemeji yangu Komakech, mdogo wa marehemu, ni sajini. Akaja amevaa kiraia, na mwenzake mmoja. Tukapanga niingie kwanza mimi, kama nimeleta pesa.

Nilipofika kibandani Kidega hakuwepo, alikuwa ametoka kidogo. Nikasimama kumsubiri. Kibanda cha pembeni wanatengeneza simu. Mteja mmoja akaja pale na simu iliyopasuka kioo, na fundi aliyekuwa ameinama akainua kichwa, akasema:

"Karibu mama. Ni kioo tu, ama na chaji inasumbua?"

Nikageuka.

Sauti ile. Nzito, ya utaratibu. Luzira, mama. Ile ya ukuta mrefu.

Alikuwa kijana mwembamba, amevaa jezi ya mpira iliyopauka. Hata hakuniangalia. Siku tatu zote nilikuwa namwona mtu mkubwa mwenye suti na pingu, kumbe ni huyu, ameshika bisibisi.

Kidega akarudi anatabasamu. "Dada, umekuja nayo?"

"Nimekuja. Lakini niambie tena, wanasema nilificha ngapi?"

"Si tano, laki moja na sitini elfu?"

"Sikukutajia namba Jumanne, Kidega. Nilikwambia wamejua tu. Halafu hiyo namba si sahihi. Nilikosea kutoa."

Tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaondoka. Akatazama kibanda cha pembeni. Fundi naye akamtazama. Komakech alikuwa ameshafika nyuma yao.

Kwenye droo ya Kidega walikuta daftari la shule lenye paswedi za watu kumi na moja. Wajane wengi. Mbele ya kila jina ameandika kiasi anachoweza kutoa. Mbele ya langu aliandika: *tatu, anaogopa sana*.

Hayo maneno mawili yaliniuma kuliko wizi wenyewe. Kesi inaendelea, siwezi kusema zaidi.

Jumatatu nikarudi kwa Rukiah. Tukarekebisha ritani. Ule mstari tukaujaza: faida kutoka hati za hazina, milioni nne, laki moja na elfu sitini, kodi yake yote imeshakatwa. Dakika kumi. Sikudaiwa hata shilingi. Kitu kilichoninyima usingizi kilichukua dakika kumi.

Nikamuuliza, "Na hili la mwenye pesa?"

"Ritani inauliza kilichoingia kwa jina lako. Mambo ya mwenyewe ni nani, hayo nenda kwa wakili, ukaape, uweke karatasi."

Nikaenda. Nikaapa kwa maandishi kwamba pesa ni ya Benedicte, pamoja na laki sita niliyoitoa, ambayo nimeilipa kwa mafungu mpaka ikaisha. Wakili aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akasema, "Mama, huyo mtu hajaonekana mwaka mzima."

Nikasema andika tu.

Nilifikiri hadithi imeishia hapo.

Mwezi wa nne mwaka huu, mchana, bibi mmoja mzee akasimama mlangoni mwa duka. Miguu imevimba, kandambili za rangi mbili tofauti. Mkononi ana kikaratasi kilichokunjwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo. Akaniuliza:

"Ni wewe Atoo?"

Uso nikautambua kabla hajasema jina. Ule mdomo. Alikuwa Mama Monique, mama yake Benedicte.

Nikamkumbatia nikatazama nyuma yake barabarani. Hapakuwa na mtu.

"Benedicte yuko wapi?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akanieleza polepole. Benedicte alimkuta, wakatoka pamoja, wakatembea. Njiani homa ikamshika. Siku nne, kwenye kituo cha afya kisichokuwa na dawa. Alikufa mwezi wa tatu mwaka jana. Kumbe hati ilipoiva, nilipokuwa nafurahi kwa niaba yake, alikuwa ameshazikwa. Mama mtu akabaki kwenye kambi ya wakimbizi zaidi ya mwaka, mpaka watu wema wakamvusha.

Tulilia mpaka wateja wakaondoka wenyewe.

Baadaye nikamletea chai. Nikavuta pumzi, nikamwambia, "Mama, ile pesa ipo. Yote. Nimeiweka kama alivyosema."

Akanitazama, kikombe kimesimama hewani.

"Pesa gani?"

"Ya Benedicte. Milioni zake. Si ndiyo alikutuma?"

"Hapana, mwanangu." Akatikisa kichwa. "Yeye alisema tu, ukifika Kampala, tafuta Atoo wa Nsambya, atakupa mahali ya kulala. Pesa hakunitajia hata siku moja."

Nikaweka birika chini.

Hakuna aliyejua. Benedicte amekufa. Mama hakuambiwa. Serikali ilishachukua kodi yake na haikuwa na swali. Ningekaa kimya, ningemtandikia kitanda, ningempikia uji, naye angenibariki kila asubuhi mpaka afe, huku mimi nashona na mashine mpya ya umeme.

Mwezi wa kwanza niliogopa simu, nikaogopa gari, nikaogopa ukuta. Lakini ndugu zangu, nawaapia, hofu niliyoipata mchana ule nikiwa nimekaa mbele ya yule bibi ilizidi zote. Nilijiogopa mimi. Niliona jinsi nilivyokuwa nimefika karibu, na jinsi ambavyo hakuna mtu angenikamata.

Nikafungua sanduku, nikamtolea karatasi ya kiapo. Hajui kusoma. Aliishika kichwa chini miguu juu.

"Inasema nini?"

"Inasema mtoto wako hakuwa maskini."

Sasa Mama Monique anakaa chumba kile kile cha Benedicte, tumekipanga tena. Anauza vitenge. Pesa nyingine amenituma nimnunulie hati za hazina, na safari hii karatasi zina majina mawili.

Wewe unayesoma, paswedi yako ya kodi usimpe mtu, hata akikuita dada. Ule mstari ukiwepo kwenye ritani, ujaze mwenyewe. Na kama unashika cha mtu, kiandike leo, kwa jina lake, wakati bado unaogopa. Siku ukizoea, utakuwa umeshachelewa.